Mjadala: Kubonyeza kichwa ili kutuliza akili, kuna haja ya kulipia?

Wadau, mitihani ikikaribia matangazo hayakosekani: "kufungua akili", "kuongeza kumbukumbu", "kuondoa msongo", yote kwa kubonyezwa kichwani. Wazazi wanatoa hela. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kubonyeza kichwa kunatuliza, hilo silipingi, ila hakuna siri ndani yake ya kuuzwa kwa bei ya tiba. Ni jambo la kufundishana bure, nyumbani na shuleni.

Kwa asiyeifahamu, huku kubonyeza huitwa akupresha, na ni ndugu wa akupancha, tiba ya sindano ya Wachina. Tofauti ni kwamba kidole kinafanya kazi ya sindano. Sehemu za kubonyeza huitwa pointi, na kichwani hutajwa zaidi katikati ya nyusi (Wachina wanapaita Yintang), utosini (Baihui), kwenye panja zote mbili (Taiyang), na kisogoni kwenye vile vishimo viwili chini ya fuvu (Fengchi). Jaribu hapo kisogoni sasa hivi. Dole gumba moja kila kishimo, vidole vingine vishike kichwa, kisha kiache kichwa kiegemee madole yenyewe. Usikaze mkono. Pumua taratibu kwa dakika moja au mbili. Wengi husikia shingo inalegea na mabega yanashuka, kwa sababu misuli ya pale ndiyo inayokaza ukishinda umeinamia daftari au simu.

Ushahidi wa utulivu upo. Mwaka 2003 wataalamu wa dawa ya usingizi ya upasuaji huko Athens, Ugiriki, waliwabonyeza watu wa kujitolea katikati ya nyusi, na msongo ukapungua. Lakini mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanywa Ujerumani kwa wagonjwa 302 wa kipandauso. Huu ulikuwa wa sindano, na unanihusu kwa sababu ya namna ulivyopangwa: kundi moja lilichomwa kwenye pointi zinazotambuliwa, la pili sehemu zisizo pointi, la tatu likasubiri bila kuchomwa. Waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 51 kundi la kwanza, 53 la pili, na 15 kwa waliosubiri. Someni hizo namba mara mbili. Kuhudumiwa kulisaidia sana. Pointi yenyewe haikuongeza kitu.

Tena China wenyewe hawaifungii hospitalini. Tangu 1963 wanafunzi wao hufanya mazoezi ya macho darasani, wakibonyeza kuzunguka macho na kwenye panja, bila kulipa senti. Ahadi ilikuwa kulinda macho, na mwaka 2019 serikali yao ilitangaza kwamba mwaka 2018 asilimia 53.6 ya watoto na vijana walikuwa hawaoni mbali vizuri. Kwa hiyo kufundisha taifa zima inawezekana, ila ahadi kubwa isibandikwe juu yake. Mtoto aliyetulia atasoma vizuri zaidi kuliko aliyejaa hofu, lakini hesabu asizozisoma hazitamwingia kupitia utosini.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji kutoka Tanga: Mwanangu, umesema vizuri ila umesahau mkono wa mtu. Sisi tumelelewa kwa kukandwa kichwa na mafuta ya nazi, umelala mapajani kwa bibi. Huwezi kuniambia kujibonyeza mwenyewe ni sawa na kushikwa na anayekupenda. Hao wanaolipia pengine nyumbani hawana wa kuwashika. Usiwahukumu.

Mchangiaji, muuguzi: Mleta mada, mimi sina ugomvi na vidole. Nina ugomvi na kuchelewa. Kichwa kilichoanza ghafla kwa maumivu makali ambayo mtu hajawahi kuyapata, homa yenye shingo kukakamaa, mdomo kwenda upande, mjamzito mwenye kichwa kikali na macho yenye ukungu: hawa wote ni wa hospitali saa hiyohiyo. Kifafa cha mimba hakisubiri mtu amalize kukandwa. Na ile tabia ya saluni, kinyozi akimaliza kunyoa anakuzungusha shingo mpaka ilie "ka!", ikomeshwe. Mshipa wa damu wa shingoni ukichanika, kiharusi kinaweza kufuata, hata kwa kijana. Wala msimbonyeze mtoto mchanga utosini, mfupa haujafunga.

Mchangiaji, mtoa tiba mbadala: Kaka, namba za Ujerumani umezichagua. Hata hao wa kundi la pili walichomwa sindano, na sindano popote inaamsha mwili. Chukua utafiti wa Marekani wa 2008: watoto 52 waliokuwa wanasubiri kupigwa usingizi ili wachunguzwe tumbo kwa mpira wenye kamera. Waliobandikwa shanga katikati ya nyusi hofu ilipungua kuliko waliobandikwa sehemu nyingine. Hapo pointi imeshinda. Na sisi hatujajiokotea kazi barabarani. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, ina baraza, tunasajiliwa. Unatuweka kapu moja na matapeli.

Mleta mada: Shikamoo mama wa Tanga. Mkono wa bibi siushindanishi na chochote, na ndiyo maana nasema ufundishwe nyumbani: baba amshike mwanawe kichwa usiku wa kuamkia mtihani, hilo halihitaji tangazo. Muuguzi, maneno yako yangebandikwa kila saluni.

Kaka yangu wa tiba mbadala, utafiti wa 2008 naukubali kama ulivyo. Utaje na upande wake wa pili: kiasi cha dawa ya usingizi hakikupungua kwa watoto wale. Hofu ilipungua, basi. Na hata pointi ikishinda, ni katikati ya nyusi. Nani asiyeweza kuigusa? Mzazi wa Mbagala anaweza kuonyeshwa kwa dakika tano akaenda nayo nyumbani.

Usajili wako nauheshimu, ila unathibitisha wewe ni nani, hauthibitishi kwamba kila unachoahidi ni kweli. Kwa hiyo nakuomba wewe na wenzako wenye vibali mfanye mambo mawili. Mfuteni neno "kumbukumbu" kwenye matangazo yenu, na mteja anayekuja kwa sababu hapati usingizi au amekata tamaa wiki nzima mumwelekeze kwa daktari wa afya ya akili kabla hamjapokea pesa yake, kwa sababu sonona haitoki kwa dole gumba. Mkikubali hayo mawili, nitakuwa wa kwanza kuwaleta walimu wa shule ya mtaani kwetu mje kuwafundisha. Mnasemaje?