Hoteli ya Paje: tuhakiki mifumo ipi kwa ajili ya cheti cha LEED?

Msimamizi wa Paje
Assalamu alaykum wenzangu. Nasimamia ujenzi wa hoteli ya vyumba 38 Paje, upande wa pwani. Mwenye mali anataka cheti cha LEED v4 (cheti cha kimataifa cha majengo yanayojali mazingira, toleo la nne), na sasa tunachagua mifumo ya kupimwa na kuhakikiwa kabla ya makabidhiano. Mkandarasi anasema viyoyozi vinatosha. Mshauri kaleta orodha ndefu, mna lifti, kamera, simu, hata geti. Fungu lenyewe dogo. Kipi cha lazima, kipi niongeze, kipi niache? Khasa nataka kusikia kwa walioshika spana.

Fundi wa Baridi, Mwanakwerekwe
Waalaykumu salaam. Viyoyozi peke yake havitoshi, huyo mkandarasi anajipunguzia kazi. LEED v4 inataka mitambo ya hewa na baridi, umeme pamoja na taa na vidhibiti vyake, maji pamoja na pampu na maji ya moto, na sola kama mmeweka. Kamera, simu na geti toa. Lifti ina ukaguzi wake wa usalama, nayo toa.

Pesa yako iweke kwenye vitu vinavyojiendesha vyenyewe, maana hapo ndipo umeme unapopotea bila mtu kujua. Chukua swichi ya mlango wa baraza, ile ya kuzima kiyoyozi mgeni akifungua mlango. Nimeikuta imefungwa, taa yake ndogo inawaka vizuri, na waya haukufika kwenye mashine. Mlango wazi, upepo wa bahari unaingia, kiyoyozi kinasukuma usiku kucha. Kwa kutazama tu hutaiona. Lazima mtu afungue mlango, asubiri, asikie mashine inazima.

La pili ni umeme kukatika. Unguja tunategemea nyaya za chini ya bahari kutoka Bara, na waliokuwepo 2009 kuelekea 2010 wanakumbuka ile miezi ya giza. Basi kateni umeme makusudi, saa moja ya usiku, viyoyozi vyote vikiwa vinafanya kazi. Jenereta ikichukua mzigo, je, mashine zinarudi kwa zamu au zote kwa pamoja? Zikirudi pamoja jenereta inazidiwa na kuzima tena. Halafu umeme wa ZECO, shirika la umeme Zanzibar, ukisharudi, kagueni saa za vidhibiti. Zikipoteza majira, taa za bustani zitawaka mchana na pampu ya maji ya moto itazunguka wakati wageni wamelala.

Vyumba 38 mhakiki, yule anayethibitisha kwamba mifumo inafanya kazi, hana haja ya kuvipima vyote. Mkandarasi apime kila chumba na kuandika, mhakiki achague sehemu arudie mwenyewe. Akikuta kasoro aongeze vyumba.

Mpemba wa Wete
Naongeza kuta na milango. Kwa kiwango cha lazima havipimwi, matakwa yake yanaandikwa tu kwenye hati ya mwenye mali na ya usanifu. Lakini kwa pwani yetu mimi ningevipima. Milango ya vioo ya kuteleza ikivuja, unyevu unaingia, mgeni anakuta ukungu kwenye kabati, na kiyoyozi kizuri kinalaumiwa bure. Upimaji huo una pointi zake za LEED kwenye uhakiki wa ziada, ule wa hiari unaozidi wa lazima. Uhakiki wa ziada pia una marejeo ya miezi 10 baada ya ujenzi kukamilika; kwa mwendo huo jengo litakuwa limeshapita joto la kaskazi na mvua za masika.

Msimamizi wa Paje
Ahsanteni sana. Kengele ya moto je? Na mkandarasi ana injinia wake, anaweza kuwa mhakiki?

Fundi wa Baridi, Mwanakwerekwe
Kengele yenyewe waachie Zimamoto. Wewe hakikisha tu ikilia, feni za hewa zinazima kama mchoro unavyosema.

Injinia wa mkandarasi anaruhusiwa kama jengo halifiki mita za mraba 1,860, akiwa na sifa. Vyumba 38 pamoja na mgahawa, mtapita hapo. Tafuta mtu wa nje, na umlete sasa hivi kabla dari hazijafungwa, awahi kuziona nyaya.