Mjadala: Bagamoyo Road iwekewe njia ya baiskeli na miguu kutoka Mwenge mpaka Bunju, au tutakuwa tumewajengea bodaboda?

Wakuu habari. Naleta hoja, naomba tujadili bila matusi. Bagamoyo Road ya hapa Dar imefumuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi awamu ya nne, na mimi naona hapa ndo pa kudai njia moja ya baiskeli na waenda kwa miguu isiyokatika, Mwenge, Lugalo, Mbezi Beach, Tegeta, kisha iendelee mpaka Bunju ambako mwendokasi wenyewe haufiki. Sisemei vile vipande vya pevingi vinavyoanzia kituoni vikaishia mtaroni. Nasemea njia ambayo mtu anapanda baiskeli Tegeta anashukia Mwenge bila kuingia kwenye magari hata mara moja. Kile kipande cha Mwenge Tegeta kilichopanuliwa kwa msaada wa Japani kazi ikaisha 2014 kina kilomita 12.9, sasa mtu wa baiskeli ya kawaida tu anayetembea kilomita 15 kwa saa hamalizi lisaa. Foleni ya asubuhi mnaijua wenyewe, sihitaji kuhadithia.

Na kabla mtu hajaniambia baiskeli ni mambo ya wazungu wa Masaki, simama Afrikana alfajiri uone nani yuko barabarani. Muuza madafu na mzigo wake umejaa mpaka humuoni kwa nyuma, wa samaki katoka Kunduchi, wa mkaa katoka huko Mapinga magunia yamempita kimo, fundi na kibegi cha vifaa. Hawa hawangoji kuhamasishwa, wapo tayari, wanagombania ukingo wa lami na Coaster linalokatiza kuwahi abiria. Ndo maana njia ikiwa nyembamba ya kupendezesha picha haina maana, baiskeli ya madafu inataka upana wa kupishana na mwenzake na mama mwenye mtoto mgongoni apite pia. Chini ya mita 3 naona tunadanganyana.

Msimamo wangu ambao najua utanigombanisha na watu: njia ikae ng'ambo ya mtaro, upande wa bustani za maua, na wauza maua WASIONDOLEWE. Wale ndo wenye miti, na wanaimwagilia kila siku bila kulipwa na mtu. Jua la Februari kwenye pevingi tupu hakuna atakayetembea, atapanda daladala au atarudi kwenye kivuli hata kama kivuli kiko barabarani. Ukifukuza bustani utabaki na njia nzuri isiyo na watu.

— Mdau wa Magomeni:
Kiongozi umeandika vizuri ila hujaishi Morogoro Road wewe. Mwendokasi umeanza 2016 na njia za pembeni zilijengwa, haya njoo jioni uone. Bodaboda wanapita humo humo kukwepa foleni tena wanakupigia honi wewe mwenye njia, kwingine kuna nyanya zimepangwa chini, kwingine mtu kapaki Noah yake. Trafiki yuko pale anaangalia. Tatizo letu sio zege ni usimamizi, mkipewa hiyo ya Bunju mtanielewa.

— Mwenye fremu Salasala:
Mnavyoongea "njia ikae ng'ambo ya mtaro" kama vile kule hakuna watu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilitoa hifadhi ya barabara, lile eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 45 ikaipeleka 60, yaani kila upande kutoka mita 22.5 mpaka 30 toka katikati ya barabara. Waliokuwepo kabla nyumba zao zikapigwa X ya kijani ya kusubiri fidia, waliovamia nyekundu. Mwenye X ya kijani hajengi, hauzi kwa bei ya maana, anakaa tu. Sasa mkiongeza na baiskeli ndo mnatumalizia. Fidia kwanza halafu ndo tuongee madafu.

— Mkazi wa Mbezi:
Kwani lazima iwe barabarani? Si ipitishwe ufukweni huko, Kawe mpaka Kunduchi, kama watu wanavyokimbia Daraja la Tanzanite. Hewa safi, hakuna moshi, na watalii watakuja.

— Mleta hoja:
Tanzanite napapenda, toka lifunguliwe 2022 watu wanafanya mazoezi pale na ni jambo jema, ila mazoezi na kwenda kazini ni vitu viwili. Huku kwetu ufukweni kuna kuta za mahoteli na za nyumba za watu, ukivuka unakutana na mdomo wa mto na mikoko, na fundi wa Tegeta akishafika huko baharini bado anatakiwa apande mpaka barabara kubwa ndo apate kazi. Njia ifuate watu.

Mwenye fremu, fidia nakuunga mkono, ila hizo mita ambazo zimekaa wazi na kuota majani zipo nyingi tu, tuanzie hapo. Wa Magomeni, usimamizi kweli, lakini trafiki huwezi kumweka kila mita mia. Vigingi vya zege kwenye kila mlango wa njia, vilivyoachana kiasi cha baiskeli kupita na bajaji kukwama, havilali na havili rushwa. Pabaya ni kwenye sheli, kwa sababu pale huwezi kuziba, magari yanaingia na kutoka, na ndipo mtu wa baiskeli anapogongwa. Pale njia inyanyuliwe kama tuta ili gari lenyewe ndo lipunguze. Halafu madaraja, Mlalakuwa na Mto Tegeta. Ukiona njia inaishia darajani jua hakuna njia, ni mapambo.

— Mama wa Boko:
Nyie wanaume mnaongelea asubuhi tu. Mimi nashuka kituoni saa mbili usiku natembea. Hiyo njia ya nyuma ya bustani za maua, yenye miti mizuri, usiku naiona ni ya vibaka. Bora nipite kwenye taa za magari ingawa nagongwa.

— Mleta hoja:
Mama hapo umesema. Taa ziwekwe zikiangalia njia, sio zile ndefu za barabarani ambazo mwanga unaishia kwenye lami. Na bustani nyingi zina walinzi usiku, ila bila taa sikulazimishi kupita.

— Bodaboda wa Tegeta:
Vigingi wekeni, sisi tunapita popote. Lakini mbona kwenye mchoro wenu wote hamna kijiwe chetu? Abiria wa mwendokasi akishuka nani anampeleka Wazo? Msipotuwekea pa kupaki tutapaki humo humo kwenye njia yenu, msije mkalalamika.