Makanisa kila kona Mbeya: serikali iweke umbali au iache?

Loleza: Wakuu heshima kwenu. Huku Ilomba mtaa mmoja tu makanisa yamebanana, moja lipo kwenye fremu, kulia gereji kushoto saluni, spika zimegeuziwa barabarani. Ijumaa ni mkesha mpaka majogoo. Mimi mwenyewe mlokole msinielewe vibaya. Nauliza tu, Mambo ya Ndani wakisajili kwanini wasiweke umbali kati ya kanisa na kanisa kama inavyofanyika kwa sheli? Au ibara ya 19 ya Katiba inakataa?

Binti Uyole: Umelisema kwa dharau sana hilo la fremu. Mimi nimeokokea kwenye fremu, mume wangu kaacha pombe kwenye fremu hiyo hiyo, hao wenye makanisa ya mawe walikuwa wapi? Walikuja na bahasha ya ahadi tu

Loleza: Dada mimi nimeongelea spika

Binti Uyole: Umeongelea fremu, soma ulichoandika.

Kabwe Stendi: 😂😂 Na hayo ya mawe kajenga Mjerumani, nyie mmerithi funguo tu

Mzee wa Rungwe: Kijana punguza mdomo. Wamisionari wa Moravian wamefika Rungwe 1891, mawe na matofali wamebeba babu zetu kichwani, hayo mapandisho yetu unayajua. Mjerumani hakubeba hata tofali. Shule tumejenga, hospitali ya Isoko ya nani? Na sisi hatukuanzishwa na mtu aliyegombana na mchungaji wake kuhusu sadaka.

Mluteri asilia: Shikamoo mzee, ila kwa heshima zote, 1891 hiyo hiyo na Waluteri wa Berlin walikuwa wameshaingia Unyakyusa, mkagawana maeneo. Msijifanye wenyewe. Na mnajua kabisa Uprotestanti kaanzisha Luther.

Mzee wa Rungwe: Marahaba. Luther 1517. Jan Hus, mhubiri aliyedai mageuzi kanisani, kachomwa moto 1415, wafuasi wake wakaunda umoja wao 1457 huko Bohemia, Ucheki ya leo, ndio sisi Moravian. Toa mwenyewe, 1517 toa 1457. Sisi ni wakubwa zenu miaka 60.

Mluteri asilia: Hus alikuwa padri wa Katoliki mzee, kwa hesabu hiyo wote turudi Roma basi

Mkatoliki wa Tosamaganga: Karibuni, mlango haujafungwa 😎

Kabwe Stendi: Kumbe wakongwe na nyie mnagombana? Waluteri wa dayosisi ya Konde si juzi tu mmevutana makao makuu yabaki Tukuyu au yaje Mbeya mjini, mpaka 2022 askofu akaondolewa. Halafu wa fremu ndio waambiwe wanapasukapasuka

Mluteri asilia: Usiingilie nyumba ya watu, mambo ya dayosisi huyajui.

Mama Swaumu: Jamani mimi Muislamu wa Mwanjelwa napita tu. Mmefika Bohemia, kelele za mkesha hakuna aliyejibu. Ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa madhabahu yao, besi ikipigwa vikombe kabatini vinagongana. Nimeenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kumbe ndiye mpiga kinanda.

Loleza: 😂😂😂 Mama asante, ndio hoja yangu hiyo

Binti Uyole: Na adhana ya saa kumi na moja alfajiri je?

Mama Swaumu: Adhana ni dakika ngapi mwanangu? Wenzenu wanaanza saa nne usiku wanakemea, na jina langu wanalitaja, eti jirani mchawi.

Binti Uyole: Hapo sasa pole mama. Ni kanisa gani hilo?

Mama Swaumu: Silitaji, kesho nitaimbiwa.

Mzee wa Rungwe: Huyu Mluteri bado hajanijibu 1457.

Mluteri asilia: Nakujibu mzee, nachaji simu