Mjadala: Kasha la kompyuta lenye mfumo wa maji wa kiwandani, linafaa kununuliwa?

Wakuu, naleta hoja hii nikiwa na msimamo tayari. Anayeupinga aje na sababu.

Nazungumzia makasha yanayouzwa yakiwa na mfumo wa kupoza prosesa kwa maji: rejeta (inayotoa joto la maji kwenda hewani), pampu na mipira, vyote vimefungwa humo kabisa tangu kiwandani. Si jambo geni. Kampuni ya Koolance waliyauza tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2004 Apple walitoa Power Mac G5 ya prosesa mbili za GHz 2.5 iliyokuwa ikipozwa kwa maji.

Kwangu mimi, kufunga pamoja kitu kinachodumu na kitu kinachochakaa ni kumuumiza mnunuzi. Kasha ni bati na skrubu. Likitunzwa litahudumia prosesa tatu au nne. Pampu inazunguka muda wote mashine ikiwa imewashwa, lazima siku moja ichoke. Maji nayo hupenya kidogo kidogo kwenye kuta za mipira hata kama hakuna tundu. Miaka ikisogea yanapungua, hewa inaingia kwenye pampu, unaanza kuisikia ikigugumia. Kipoza cha kawaida kikifika hapo unakifungua na kuweka kingine. Hapa unasubiri spea ya kampuni moja, na wakiacha kuitengeneza, kasha zima linakuwa takataka ingawa bati lake bado ni zima.

Halafu kuna soketi, yaani sehemu ya bodi inapokaa prosesa. Intel walipohama soketi ya LGA1200 kwenda LGA1700 mwaka 2021, umbali kati ya matundu ya kufungia kipoza ulitoka milimita 75 ukawa 78. Milimita tatu tu, na vipoza vingi vikahitaji breketi (kishikizo cha kufungia kipoza kwenye bodi) mpya. Mwenye kasha la toleo lililokwisha kusahaulika ataipata wapi?

Mchangiaji wa pili: Mkuu, unawasahau wasiojua kufunga. Kiwandani wamekwisha kupima urefu wa mipira na kuiweka rejeta juu ya pampu, hewa ikabaki huko juu. Anayejifungia mwenyewe mara nyingi anaiweka rejeta chini, pampu inavuta hewa, kisha analaumu kipoza. Na usiyadharau maji: lita moja ya maji inabeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa kwa ongezeko lilelile la nyuzi. Kwenye kasha jembamba, kipoza cha hewa cha sentimita 16 utakiweka wapi?

Mleta mada: Kwenye makasha membamba nakubaliana nawe, hapo maji yana kazi. Ila hayo maji yanahamisha joto tu; mwisho wa safari ni feni zilezile zinazopuliza rejeta. Tena mingi ya mifumo hii inapoza prosesa peke yake. Prosesa ya Intel Core i9-14900K inaweza kufika wati 253, lakini kadi ya grafiki kama RTX 4090 inafika 450. Moto mkubwa zaidi umeachwa humohumo ndani, na mnunuzi anaamini amelipia upozaji wa kompyuta nzima.

Kuhusu kumwamini fundi wa kiwandani, baadhi ya zile G5 zilivuja, maji yakaharibu bodi na pawasaplai. Waliozifunga hawakuwa wanafunzi.

Sipingi maji. Ninachodai ni mfumo unaofunguka: rejeta yenye matundu ya feni za kawaida za milimita 120, viungo vya mipira vyenye uzi wa skrubu wa kipimo cha G1/4 ambao sehemu nyingi za upozaji wa maji zinautumia, pampu inayotoka kwa skrubu nne, na mahali pa kuongezea maji. Vyote hivi vipo sokoni tayari. Basi mnaotetea makasha haya nijibuni hili: ni sababu gani ya kiufundi inayomzuia mtengenezaji kuvitumia?