Mtoto wa miezi mitatu: nimpeleke kwa mama jirani au kituoni? Naomba ushauri

Habari zenu wazazi wenzangu. Likizo yangu ya uzazi, zile siku 84, inaisha wiki ijayo. Naishi Mbagala, kazini ni Posta, na kwa foleni ya asubuhi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu. Dada wa kazi sina, na mama yangu yuko Songea.

Kuna mama mtaani kwetu analea watoto wanne nyumbani kwake. Nilikaa naye jana: mtoto akilia anambeba mgongoni huku anaendelea na shughuli zake, na mwanangu alilala palepale. Moyo wangu ulitulia. Ila jiko la mkaa liko mlangoni kabisa, na kati ya watoto hao yuko mmoja anayetambaa. Tena huyo mama akiugua, mimi nafanyaje?

Kituo kina kibali cha Ustawi wa Jamii, geti na friji ya kuhifadhia maziwa ninayokamua. Lakini chumba cha wachanga nilikuta watoto tisa na mlezi mmoja. Wawili walikuwa wanalia, mmoja chupa imeegeshwa kwenye mto, ananyonya peke yake. Hiyo picha hainitoki.

Bei zimepishana kidogo tu, hela siyo tatizo kubwa.

Waliowahi kuacha mtoto mchanga hivi, mliangalia nini? Na je, yule mama nikimwambia ahamishe jiko, atanielewa au ataona namdharau? Nataka pia anyonye maziwa yangu tu hadi miezi sita. Nisaidieni jamani, sipati usingizi.