PCR hasi, lakini jana (buu la nyuki) linavutika kama kamasi

Mrina_Asali: Wakuu, sega lina vifuniko vilivyozama na kutoboka. Njiti ya kiberiti ikichovywa kwenye jana lililooza inatoka na uzi wa kahawia wa sentimita 3. Maabara wamepima PCR (kipimo cha kusaka DNA) ya Paenibacillus larvae, bakteria wa uozo wa Marekani, jibu hasi. Niamini njiti au mashine?

Darubini: Njiti, mpaka maabara wajieleze. Waulize kwanza spora (bakteria waliolala ndani ya ganda) walizipasua kwa njia gani. Kuchemsha nyuzi 95 kwa dakika 15 kunafaa koloni ya bakteria iliyooteshwa maabara. Spora zina ganda gumu, zinataka kusagwa kwa shanga za kioo za milimita 0.1, la sivyo DNA inabaki ndani. Gamba kavu la jana lililogandia chini ya seli limejaa spora, na ndilo linalowaangusha wengi.

Pili, asali, nta na chavua huzuia kimeng'enya cha PCR. Warudie na DNA iliyopunguzwa mara 10, kisha mara 100. Iliyopunguzwa ikitoa jibu na nzito ikakaa kimya, basi tatizo ni kizuizi. Na kama hawakuweka kidhibiti cha ndani (DNA ya kuthibitisha kwamba PCR yenyewe imefanya kazi), hasi yao ni karatasi tu.

Kundi_Tulivu: Kwa uzi wa urefu huo sioni haja ya kuhangaika na uozo wa Ulaya, ugonjwa mwingine wa majana, ingawa kupima bakteria wake, Melissococcus plutonius, kwa praima zake (vipande vya DNA vya kumtambua) hakudhuru. Huo huua majana ya siku 4 au 5, kabla hayajafunikwa, yakiwa yamejipinda kwenye seli.

Darubini: Kweli, ila aina ya ERIC II ya P. larvae nayo huua haraka, karibu siku 7, wakati ERIC I huchukua kama 12. Majana mengi ya ERIC II hufa kabla ya kufunikwa, nyuki wakayatupa nje. Vifuniko vizima visikupe uhakika.

Mrina_Asali: Sampuli ilikaa siku nne kwenye mfuko wa nailoni.

Kundi_Tulivu: Hapo unyevu umeleta ukungu. Kata sega sentimita 10 kwa 10 lenye majana mengi yaliyokufa, lifunge kwa karatasi. Omba pia waoteshe: mchanganyiko upashwe nyuzi 80 kwa dakika 10, kisha agari ya MYPGP (chakula cha kuoteshea bakteria) yenye asidi ya nalidiksiki ya kuzuia bakteria wengine, nyuzi 37, kama wiki moja. Koloni ikiota, PCR ifanyiwe hiyo koloni.