Samaki mmoja wa kunogesha tangi dogo la matumbawe: mandarini, malaika mwekundu au roya grama?

PweziMvivu
Habari zenu wakuu. Nina tangi langu dogo la maji chumvi, matumbawe yameanza kushika vizuri, sasa natafuta samaki mmoja tu wa kuwa bibi harusi wa tangi, yaani mgeni akiingia macho yaende kwake kabla hata hajasalimia. Nimebaki na watatu kichwani: mandarini (Synchiropus splendidus), jamani zile rangi ni kama mtoto kapewa kalamu zote akaambiwa jimwage, halafu malaika mwekundu (Centropyge loriculus), na roya grama yule nusu zambarau nusu njano. Jumamosi natakiwa niseme namchukua yupi. Ushauri tafadhali, matusi hapana.

FundiPampu
"Dogo" ndo lita ngapi mkuu? Lina miezi mingapi? Lina kifuniko? Na ndani yumo nani sasa hivi? Kuuliza samaki bila lita ni sawa na kumpelekea fundi kitambaa cha suruali halafu kiuno unakificha.

PweziMvivu
Lita 75.

FundiPampu
Maswali manne, jibu moja. Haya.

MamaChumvi
Hizo 75 ni za boksi au za maji? Ukitoa mawe, mchanga na ile nafasi ya juu unabaki na sitini hivi. Malaika mwekundu mfute leo leo mwanangu, yule anafika sm 10 na anataka kuzunguka, wengi wanamwekea lita 250 kwenda juu. Halafu ni bahati nasibu, mmoja anakaa miaka hagusi tumbawe, mwingine wiki ya kwanza tu anadonoa zoanthidi moja baada ya nyingine mpaka zinakataa kufunguka.

KambaBastola
Wote hao watatu achana nao. Chukua gobi wa njano (Cryptocentrus cinctus) pamoja na kamba bastola. Kamba haoni vizuri kabisa, anachimba shimo kutwa nzima huku kagusisha sharubu moja mwilini mwa gobi, gobi akitikisa mkia tu wote ndani. Nimekaa chini mbele ya kioo nusu saa naangalia kamba anatoa mchanga kama tingatinga, mpaka chai ikapoa. Angalizo: mawe yakae juu ya kioo cha chini moja kwa moja, sio juu ya mchanga, akichimba chini yake yatashuka na kuwafukia.

ChumviNyingi
@KambaBastola kila uzi lazima umlete huyo gobi wako. Mwenzio anataka samaki wa kuonekana, wewe unampa wa kukaa shimoni.

KambaBastola
Anatoa kichwa.

ChumviNyingi
Kichwa! Chukua siksilaini (Pseudocheilinus hexataenia), mistari sita, haogopi mtu, kutwa yuko nje na anakula minyoo wasumbufu kwenye mawe. Mchezo umeisha.

MzeeWaSkima
Siksilaini? Ngoja nisimulie. Nilikuwa na tangi la ukubwa huo huo, ndani kuna samaki klauni mmoja na fayafishi (Nemateleotris magnifica), yule mweupe mkia mwekundu mwenye mwiba mrefu mgongoni anaupandisha na kuushusha kama anapiga saluti. Wanaishi vizuri tu. Nikaongeza siksilaini, sm 4 hata hafiki, wiki ya kwanza tabia njema, anakagua mawe, nikajisifu hapa hapa kwenye jukwaa. Wiki ya tatu akaamua nyumba ni yake. Kung'ata hakung'ata, alikuwa anakuja tu anasimama mbele ya shimo la fayafishi, mwenzie akitoa pua anarudishwa ndani, nikimwaga chakula hatoki. Nikasema jumapili namkamata. Ijumaa usiku taa zimezimwa nasikia pap, nikadhani pampu imevuta hewa, nikageuka upande wa pili nikalala. Asubuhi nimemkuta nyuma ya kabati mkavu kama ubao, vumbi limemganda, ule mwiba bado umesimama. Na kifuniko kilikuwepo wakuu! Alipita kwenye kona ya waya wa hita, kitundu cha vidole viwili. Yule siksilaini nimeishi naye miaka miwili zaidi, kumtoa kwenye mawe hakuwezekani, na kila niliyemleta baada ya hapo alikiona cha moto.

ChumviNyingi
Pole mzee ila wako alikuwa na roho mbaya, wangu hajagusa mtu.

MamaChumvi
Wako unaishi naye peke yake, amguse nani?

PweziMvivu
Hahaha. Sawa malaika nimemtoa, siksilaini simtaki. Mandarini je? Nimenunua minyoo ya kugandisha kabisa.

FundiPampu
Tangi lina miezi mingapi??

PweziMvivu
Mitatu.

FundiPampu
Basi jibu unalo. Mandarini anadonoa kopepodi, vile vidudu vidogo vya kwenye mawe, kutwa nzima, moja moja, na mawe ya miezi mitatu kwenye lita 75 atayamaliza mapema sana. Akishaingia tumbo ndani mgongo ukachongoka ndo umechelewa. Wapo waliozalishwa kwenye matangi wanaokula vya kugandisha, ila usiambiwe, mwone anakula kwa macho yako, na hata huyo mlishe mara kadhaa kwa siku.

MamaChumvi
Ndio maana mimi nasema roya grama, tena mmoja tu, mpe pango, utamkuta anaogelea kichwa chini chini ya jiwe. Kwa lita hizo ni kubana kidogo, sikatai. Au klauni wawili waliozalishwa tangini, mmoja mkubwa mmoja mdogo, wote wanazaliwa madume halafu mkubwa anageuka jike, hawana shida.

ChumviNyingi
Klauni kila mtu anaye.

FundiPampu
Kila mtu anaye kwa sababu hawafi ovyo. @PweziMvivu swali la nne bado, ndani yumo nani?

PweziMvivu
Kamba msafishaji mmoja, konokono watano, na wale samaki damseli wa bluu wawili walionisaidia mwanzoni kuandaa maji.

MzeeWaSkima
Subhanallah.

FundiPampu
Si ungesema tangu post ya kwanza! Damseli wawili kwenye lita 75, huyo roya grama atafika jumamosi, jumapili hana mapezi. Watoe kwanza. Chupa ya plastiki, kata shingo, igeuze uirudishie kwa ndani, tia chambo, laza chini.

KambaBastola
Mimi chupa iliniaibisha, nilivuta maji yote kwenye ndoo mpaka yakabaki sm 10. Matumbawe yanavumilia dakika chache nje ya maji.

PweziMvivu
Mrejesho: chupa imekaa masaa matatu, madamseli wanaichungulia kutoka nje. Aliyeingia ni kaa, wala sikujua ninaye. Jumamosi nimeomba isogezwe wiki moja.

MamaChumvi
Kaa wa aina gani? Ana manyoya? Ncha za magando ni nyeusi? Wa hivyo ndo wasumbufu wenyewe. Piga picha kabla hujamrudisha.

PweziMvivu
Nimeshamrudisha.